Chumba cha Makasha ya Kamera

Habari ya kifo cha Sifu Leung ilinifikia nikiwa jikoni, mikono imejaa unga. Mkewe alinitumia ujumbe wa sauti kwa Kikantoni cha polepole, kile alichokuwa akinisemesha enzi zile alipotaka nisipitwe na neno. Alisema mzee ameondoka asubuhi, akiwa kitini, baada ya chai, na kwamba hakuteseka. Nikasikia mlango wa kabati ukifungwa nyuma yake, kisha akaniuliza: "Umekula?" Ndivyo walivyo watu wa Guangzhou, hata penye msiba watakuuliza kama umekula. Nikafuta mikono nikaketi. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa natengeneza makasha ya kamera za majini, na mafundi wanne wa hapa Unguja wamepita mikononi mwangu. Kila wanaponiuliza nilijifunza wapi huwajibu kwa mkato, "China," kana kwamba China ni jina la mtu. Ukweli ni kwamba nilifundishwa katika chumba kimoja, na mzee mmoja na mkewe, kwa mwaka mmoja tu, kuanzia 1998.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikiosha vifaa katika kituo cha wapiga mbizi kaskazini ya Unguja. Wageni walikuja na kamera zilizofungiwa ndani ya makasha, mengine ya alumini, mengine ya plastiki ngumu inayoonyesha ndani kama kioo, ili zishuke nao majini bila kulowa. Kasha likikwama vitufe au likianza kuvuja lilipelekwa Ulaya, na huko lilikaa miezi. Bi Shemsa, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kutoka kwetu kufuata vitambaa Guangzhou, akamwambia mwenye kituo kwamba mji ule una fundi wa kila kitu alichounda binadamu, na kama hayupo basi hajazaliwa. Mwenye kituo akanikabidhi makasha mawili mabovu na ruhusa ya miezi mitatu. Nikafuatana na Bi Shemsa, kazi yangu nyingine ikiwa kumsaidia kuhesabu majora.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, karibu na jengo la maduka la Tianxiu, ghorofa ya tisa, dirisha likitazamana na dirisha la watu wengine kwa umbali wa mkono. Kuta zilikuwa nyembamba. Nikilala mchana kidogo nilisikia wafanyabiashara wa chumba cha pili, Wakristo kutoka Moshi na Mwanza, wakibishana juu ya jinzi na redio. "Huyu laoban mwongo huyu," mmoja alikuwa akisema, akimaanisha bosi wa duka, "jana kaniambia ipo, leo ananiambia meiyou, meiyou!" Na mwenzake humjibu, "Meiyou ya Mchina si hakuna, dada. Ni hakuna kwa bei yako." Bi Shemsa alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alikuwa mtu wa vicheko na wa swala za wakati, na jicho lake kwenye kitambaa lilikuwa kali kuliko mashine. Kila asubuhi tulikwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, naye akapita akivuta nyuzi kwa kucha, akikataa majora kumi na kukubali moja.

Wakala wetu wa kusafirisha mizigo ndiye aliyenielekeza kwa Sifu. Sifu ni neno la huko kwa fundi mkuu, aliyefundisha wengine. Chumba chake kilikuwa upande wa mto ulio na soko, mtaa wa Haizhu, mwendo wa dakika ishirini kutoka sokoni, chini ya jengo la zamani la wafanyakazi. Sifu Leung alikuwa ameachishwa kazi katika kiwanda cha vyombo vya kupimia pamoja na wenzake wengi, akatoka na kiti chake, mashine moja ya kukerezea chuma na pipa zito la kupimia shinikizo la maji. Akawa anahudumia wapiga mbizi wa bandarini na watu wa utafiti wa bahari. Nilipomwekea makasha yangu mezani hakunitazama usoni. Aliyachukua, akayazungusha, akapitisha kidole kwenye kila kitufe kama mtu anayevuta tasbihi. Alijua Kiingereza kidogo alichookota kwenye vitabu vya mitambo. "Chumvi," alisema. "Chumvi imelala ndani. Nani anaosha?"

"Mimi," nikajibu.

"Unaosha nje. Ndani huoshi."

Niliona aibu, kwa sababu kwa miaka mitatu nilijiona hodari. Akanionyesha palepale: kasha likitoka baharini linazamishwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kila kitufe kibonyezwe mara nyingi likiwa mumo humo majini, ili maji yapenye kwenye mhimili na kuitoa chumvi kabla haijakauka ikawa changarawe. Jambo dogo hilo, la dakika kumi, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamuomba nirudi kesho nitazame. Mkewe, aliyekuwa mlangoni akichambua mboga, ndiye aliyejibu kwa niaba yake. Sikuelewa maneno, lakini alivuta kigoda kwa mguu akakiweka karibu na meza. Nikaambiwa nimwite Simou, ndilo jina la heshima la mke wa fundi. Masikio yangu yalisikia "simu", na siku za mwanzo nilipokuwa nikiita nilijizuia kucheka.

Basi nikawa naachana na Bi Shemsa sokoni saa nne na kwenda zangu kwenye kile chumba. Kilinuka mafuta ya mashine, tangawizi na chuma kilicholowa. Taa ya meza ilikuwa inawaka hata mchana wa jua. Pale ndipo nilipoijua oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye kijifereji baina ya kasha na mfuniko wake. Maisha yote ya kamera yanategemea kitu hicho kinachofanana na bangili ya mtoto. Sifu alinifundisha kuitoa kwa kipande cha plastiki, kamwe si kwa chuma, maana mkwaruzo usioonekana ni mlango wa maji. Nilifundishwa kuipitisha baina ya vidole nikisaka chembe ya mchanga, na kuipaka grisi mpaka ing'ae tu, isizidi, kwa sababu grisi nyingi hukamata uchafu. Kijifereji kilifutwa kwa kipande kipya cha kitambaa laini, kimoja kila mara kasha linapofungwa. Unywele mmoja unatosha kuzamisha kamera. Mwisho kasha tupu lililowekwa karatasi laini ndani lilitiwa kwenye pipa la maji, Sifu akapampu mpaka mshale ufike kina anachokitaka, na sisi tukangoja. Likifunguliwa na karatasi iko kavu, Simou alisema "Hou!", yaani vizuri, kutoka jikoni hata kabla hajaiona, kwa namna tulivyopumua.

Chakula cha mchana kilikuwa saa sita kamili. Siku ya pili nilieleza kwa ishara na maneno matatu kwamba nguruwe sili, na nyama nyingine sili mpaka ichinjwe na Mwislamu. Nilitegemea nitakuwa nakula wali mtupu na mboga, nami nilikuwa radhi. Siku ya tatu nikakuta ukutani msumari mpya, na kwenye msumari karai jipya jeusi, halijaguswa mafuta. Simou alikuwa amevuka mto kwenda kwa wachinjaji Waislamu karibu na msikiti wa kale, akauliza kila kitu, akarudi na nyama ya ng'ombe na maelekezo. Karai lile halikupikiwa mtu mwingine mpaka nilipoondoka. Mara nyingi alinipikia samaki wa mvuke kwa tangawizi na majani ya vitunguu, akaniwekea mimi nyama ya shavu, sehemu ambayo kule hupewa mgeni. Nimekula katika nyumba nyingi baada ya hapo, za watu wa dini yangu na lugha yangu, na sikumbuki nyingine iliyonitundikia karai.

Lililonibakisha Guangzhou lilitokea katika wiki ya mwisho ya miezi yangu mitatu. Bwana Ho, mpiga mbizi aliyepiga picha matumbo ya meli na nguzo za gati, alileta kasha lake likaguliwe kabla ya safari ya siku kumi visiwani. Kamera ile ilikuwa mpya na haikuwa yake, ilikuwa ya waajiri wake. Kwa mara ya kwanza Sifu aliniachia nifanye oringi ya mfuniko peke yangu. Nilifanya, tukalipima kwenye pipa, karatasi ikatoka kavu. Kisha Bwana Ho akasema skrubu za kioo cha mbele zimeanza kushika kutu, na Sifu akambadilishia zote kwa mkono wake. Kwa kuwa kasha lilikuwa limeshafunguliwa kutoa karatasi, nikafuta tena, nikapaka tena, Bwana Ho akaingiza kamera yake, nikafunga bila kulipima tena pipani. Akaenda zake bandarini Huangpu kusubiri boti.

Nilipokuwa nasafisha meza niliona vipande viwili tu vya kitambaa vyenye grisi. Tangu asubuhi nilikuwa nimefunga makasha mara tatu. Nikatafuta cha tatu chini ya meza, mifukoni, ndani ya ndoo. Hakikuwapo. Moyo ukaniambia nilikifuta kile kijifereji cha kasha la Bwana Ho. Macho yakaniambia sikukifuta. Wakati nafunga, Simou alikuwa akinisimulia habari ya jirani, nami nilikuwa najitahidi kuelewa, na sasa sikuweza kukumbuka mikono yangu ilifanya nini. Nilisimama pale muda ambao hata leo unanitia haya. Nilijiambia wiki ijayo narudi kwetu. Nilijiambia pengine kiko safi. Halafu nikamwambia Sifu.

Hakufoka. Alitazama saa, akavaa viatu, akasema, "Twende."

Tulipanda teksi mpaka Huangpu. Bwana Ho alikuwa gatini na mabegi yake, injini ya boti inanguruma, na nahodha keshaanza kupiga kelele. Sifu alipomwambia kasha lifunguliwe, Bwana Ho alinitazama mimi kisha akamtazama yeye. "Nilikuambia," alisema, na Kikantoni changu kilikuwa kimeshatosha kuelewa, "usimwachie mtu wa kupita kazi yangu."

"Fungua," Sifu akasema.

Nikafungua mimi, juu ya kreti. Kijifereji kilikuwa safi kabisa. Nilikuwa nimekigeuza kile kitambaa na kutumia upande wa pili, kumbe. Bwana Ho akapiga ulimi mdomoni, nahodha akatukana, nami nikaanza kurudisha mfuniko. Hapo jua lilipokipiga kile kioo cha mbele nikaona uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, unatoka kwenye tundu la skrubu na kuelekea ndani, mpaka chini ya oringi ya kioo. Si uzi wa kitambaa. Ulikuwa ufa. Skrubu mpya ilikazwa kupita kiasi, na aliyeikaza alikuwa Sifu.

Sijui niseme vipi uzito wa dakika ile kwa mtu asiyemjua mwanafunzi wa kule na mwalimu wake. Mbele ya mteja, mbele ya mabaharia, mtu wa kupita kama mimi nimwambie Sifu amekosea? Nikamsogelea, nikasema polepole, "Sifu, pana ufa."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Wapi?" akauliza tena, kwa sauti nyingine. Nikajua haoni. Taa iwakayo mchana, vidole vinavyosoma vitufe, kutonitazama usoni siku ile ya kwanza: nilidhani ni mazoea ya ufundi. Nikaushika mkono wake nikaiweka kucha yake juu ya ufa, nikaiburura taratibu. Kucha ikakwama. Akabaki ameinama hivyo, halafu akanyoosha mgongo, akamgeukia Bwana Ho na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Msichana kazi yake ni safi. Kosa ni langu. Macho yangu ni mabovu, na nimekuficha."

Boti iliondoka bila Bwana Ho. Hakumfokea Sifu, alikaa juu ya kreti akavuta sigara mbili, kisha akasema, "Ingeingia maji siku ya kwanza," na akatukabidhi kasha tukalitengeneze. Tulirudi kwa basi. Njiani Sifu aliniambia kwamba kwa mwaka wa pili sasa anaona dunia kama kupitia maji ya mchele. Simou alijua, wateja hawakujua. "Ungenyamaza," aliniambia, "na mimi ningenyamaza, na kamera ingekufa." Baada ya vituo viwili vitatu akauliza kama ni lazima nirudi kwetu wiki ijayo.

Nilimpigia simu mwenye kituo kutoka kibandani pale chini ya Tianxiu. Akasema kama najifunza kweli basi nijifunze nimalize. Bi Shemsa alisafiri na vitambaa vyake akarudi, akasafiri tena akarudi, nami nikavuka kwenda Hong Kong kila nilipohitaji viza mpya. Kwa miezi ile iliyobaki mimi nilikuwa macho, na Sifu alikuwa kila kitu kingine. Alinifundisha kwa haraka, kwa uwazi, bila kuficha ile siri moja ya mwisho ambayo mafundi wengi hubaki nayo. Hakuwa na namna nyingine: ili afanye kazi ilimbidi aseme kwa maneno yale ambayo mikono yake iliyafanya kimya kwa miaka thelathini. "Kuna kutu ya kijani kwenye springi ya kitufe?" "Ipo, Sifu." "Basi itupe." Wateja wawili walihama. Waliobaki walizoea kuniona, na Bwana Ho alikuwa wa kwanza wao. Ramadhani ilipoingia, kwenye baridi ya Desemba, Simou alihamisha chakula chao cha jioni mpaka magharibi, akasema hawezi kumla samaki mbele ya mtu mwenye njaa, na wazee wale wawili wasio na dini yangu walikaa mezani na vijiti vyao wakiningoja nimeze tende.

Ni mtoto wa jicho, Bi Shemsa alisema mara tu nilipomsimulia, na akataka nimpeleke kwa mzee. Alikuja na shali yake nzuri, akaketi kwenye kigoda changu, mimi nikawa mkalimani. Sifu alisema anaogopa kisu. Jicho ndilo riziki, likiharibika halirudi. "Mwambie," Bi Shemsa alisema, "mie nimetiwa kisu macho yote mawili. Mwambie nilikuwa siwezi kutofautisha mbuzi na mwenyewe. Na leo aje Zhongda anione." Nikatafsiri. Sifu akauliza kama iliuma. "Mwambie iliuma kumsikiliza mume wangu akinisihi miaka miwili niende. Kisu chenyewe hakikuuma." Simou alicheka akajiziba mdomo kwa taulo la jikoni. Sifu hakucheka, ila akaniuliza narudi kwetu lini. Nikamwambia siondoki mpaka atibiwe. Akasema huo ni ukaidi. Nikasema nimefundishwa hapahapa.

Alipasuliwa jicho la kulia baada ya mwaka mpya wao, na bandeji ilipotolewa hakutaka kwenda nyumbani kupumzika. Alikuja moja kwa moja chumbani, akazima taa ya meza. Akashusha kasha moja nililolifunga wiki ile, akalifungua, akaitazama oringi, akalifunga. Akashusha la pili. Simou aliita chakula mara tatu, hakuna aliyesogea. La nne akalishika muda mrefu zaidi, akageuka. "Grisi imezidi," alisema, kwa furaha kubwa, kama mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Kisha akanitazama. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alinitazama usoni, kwa makini, na furaha ikabadilika ikawa jambo jingine.

"Ah Di," alisema, maana Mwanaidi ilimshinda, "kumbe u mdogo hivi?"

"Nilikuambia ni msichana," Simou alisema.

"Sauti yake ni ya mtu mzima. Siku zote nimemsemesha kama mtu mzima."

Wiki mbili baadaye walinisindikiza uwanja wa ndege, Simou na mfuko wa machungwa, Sifu na kiboksi cha vipande vya plastiki vya kutolea oringi alivyovichonga mwenyewe. Watu wa Guangzhou wana asante mbili. Ukinisogezea chumvi au ukinifungulia mlango, nitakwambia mgoi. Ndiyo asante ya huduma. Ukinipa zawadi, kitu ambacho hukupaswa kunipa, nitakwambia doje. Kwa mwaka mzima, kila nilipompa Sifu bisibisi, kila nilipomsomea mshale wa pipa, alisema mgoi, pengine mara hamsini kwa siku, bila kuinua kichwa. Pale mlangoni, mkoba wangu ukiwa tayari begani, nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumshukuru, nimeyafanyia mazoezi na Bi Shemsa chumbani, na yote yakanipotea. Sifu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo wazee wa kule hawalifanyi, akasema, "Doje." Nikamjibu neno lilelile, kwa kuwa sikuwa na jingine, na hata sasa sina.